Vipepeo Juu ya Nyasi za Kahiga

Walianza kupita asubuhi, mmoja mmoja, kama vipande vya karatasi vilivyoponyoka mkononi mwa mtoto. Kufikia adhuhuri anga ya Isinya ilikuwa imejaa vipepeo weupe, maelfu kwa maelfu, wakitoka upande wa Kajiado na kuelekea Kitengela, wote njia moja, wote wakiruka chini chini kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Waliingia jikoni bila hodi. Walitua juu ya nguo zilizoanikwa, wakapumzika, wakaendelea na safari. Watoto waliwakimbiza kwa kofia, na kina mama wakawafagia mlangoni bila kuwaangalia mara mbili.

Kahiga peke yake ndiye hakucheka. Alisimama kando ya shamba lake la nyasi, mikono imeshika waya wa ua, jasho jembamba likimtiririka kifuani ingawa jua lilikuwa limefunikwa na wingu.

Nyasi zile ndizo zilizokuwa roho yake. Miaka michache iliyopita alikuwa na shamba kama hilo, limestawi, likingoja kukatwa na kufungwa marobota. Ndipo viwavijeshi walipotokea. Hakuna aliyewaona wakiingia. Aliamka akawakuta wamelifunika shamba, weusi, wakitambaa bega kwa bega, na mlio wa meno yao ulikuwa kama manyunyu juu ya mabati. Walipoondoka, shamba lilibaki vijiti. Ukame ukafuata, ukamaliza kazi. Ng'ombe wa Kahiga walilala ubavu mmoja baada ya mwingine, naye akawa anawafukuza kunguru kwa mawe hadi mkono ukachoka.

Jirani yake Katoo ndiye aliyemwinua. Alimletea mtamba mmoja, akamfunga kwenye nguzo ya lango, akasema, "Wa kuanzia." Hawakuandikiana kitu. Tangu siku hiyo kondoo wa Katoo walipita kila asubuhi kwenye ukingo wa shamba la Kahiga, wakila huku wakielekea malishoni, na Kahiga aliona fahari kuwaona.

Sasa mvua ilikuwa imerudi na nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Lakini Wacuka, mkewe, alikuwa ametangaza msimamo wake bila kupepesa macho: "Hizi zikipotea, mimi na Shiro tunarudi kwetu Ndeiya. Nimechoka kuzika ng'ombe." Wacuka hakuwa mtu wa kurudia neno.

"Baba Shiro!" sauti ya Katoo ilimzindua. "Unalinda vipepeo ama unawatongoza?"

Katoo alikuwa amesimama upande wa pili wa ua pamoja na bintiye Resian, msichana wa chuo aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Wote wawili walikuwa na meno nje.

"Katoo, wacha mchezo," Kahiga akasema. "Unajua kipepeo ni mama ya nani?"

"Mama ya kipepeo mwingine."

"Ni mama ya kiwavi! Leo anataga, kesho kutwa niko na viwavi mpaka kwa kitanda."

Katoo alicheka hadi akashika waya. "Kwa lugha yetu kipepeo tunamwita osampurumpuri. Sikia hilo jina, jirani. Kitu iko na jina kama hiyo inaweza kumaliza shamba ya mtu? Hawa wako safari. Hata hawajui kama wewe uko."

"Baba Shiro," Resian akadakia, "wewe ni mkubwa kuliko wao. Ukipiga kelele watatoroka."

Kicheko chao kilimchoma Kahiga kuliko mwiba wa mgunga. Aligeuka akaenda nyumbani, na kila kipepeo aliyempita usoni alimwona kama mjumbe wa jeshi lile jeusi.

Wacuka alikuwa amekwisha kupita shambani kwa miguu yake. "Nimepekua majani kutoka huku mpaka kule," alisema. "Sijaona yai hata moja. Hata hawatui kwa nyasi, wanatua kwa vichaka vya huko chini. Tuma picha kwa Valerie, si yeye ndiye afisa wa kilimo?"

Kahiga alituma picha. Simu ikanyamaza. Valerie alikuwa ameenda vijijini ambako mtandao ni wa kubahatisha.

"Basi ngoja akujibu."

"Nikiona mayai nitakuwa nimechelewa, Mama Shiro. Mara ya kwanza nilingoja. Ulikuwepo. Uliona."

Nani angeweza kubishana na makaburi ya ng'ombe?

Kahiga alishuka Kitengela, akaingia duka la dawa za shamba, akaomba sumu kali kuliko zote. Muuzaji alimweleza taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kisu: apime kipimo kilichoandikwa, afunike uso, na mifugo wasikanyage hapo kwa wiki mbili. Kahiga aliitikia kwa kichwa. Masikio yalisikia, lakini hofu ilikuwa imekalia kiti cha akili.

Jua lilipoinama alijaza bomba la kunyunyizia, akalibeba mgongoni, akaingia nyasini. Kipimo alikizidisha mara mbili, maana woga haujui kupima. Kitambaa cha uso hakuvaa. Alinyunyiza katikati, akanyunyiza pembeni, akanyunyiza ule ukingo wa kondoo mpaka majani yakadondosha matone. Vipepeo wachache waliochelewa walianguka miguuni pake, wakatikisa mabawa, wakatulia. Alipowaona wamekufa, kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua vizuri.

"Umemwambia Katoo?" Wacuka aliuliza alipomwona anarudi, macho mekundu.

"Ili anicheke tena? Nitamwambia asubuhi, kabla hawajafungua zizi."

"Mpigie sasa hivi."

"Nimesema asubuhi!"

Lakini asubuhi ilimkuta Kahiga chali. Sumu aliyoivuta ilikuwa imemgeukia. Alitapika hadi akatoa nyongo, kichwa kikimgonga kama mtu anayepasua kuni ndani yake, na Wacuka akawa akimnywesha maziwa na kumpangusa jasho. Katika shughuli hiyo wote wawili walisahau jua. Wacuka alikumbuka aliposikia kengele ya kondoo dume ikilia karibu. Karibu mno.

Alitoka mbio bila viatu. "Resian! Toa kondoo! Toa hapo!"

Resian alishangaa. Alikuwa ameegemea fimbo yake, kondoo wametapakaa ukingoni, vichwa chini. "Mama Shiro, kwani leo tumekosana? Si hapa ni pao?"

"Kuna dawa! Toa!"

Walipiga, walisukuma, walivuta kwa mapembe na kwa mikia. Kondoo hawakuelewa kwa nini majani matamu yamegeuka kuwa fimbo. Walipofika barabarani, wa kwanza alikuwa ameanza kutokwa na mate. Kisha akatetemeka, miguu ikajipinda, akaanguka kama gunia lililokatwa kamba. Jike mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimfuata, na kitoto chake kikaendelea kuvuta chuchu ya mama aliyekwisha kukata roho. Resian alikitoa pale kwa nguvu, akakikumbatia, akakaa nacho mchangani akilia kwa sauti ambayo majirani waliisikia hadi ng'ambo ya barabara.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, akawadunga sindano waliokuwa bado wanapumua. Wachache walinusurika. Waliokufa walilazwa kando ya barabara, na daktari akakataza mtu yeyote asithubutu kuwachuna. Vijana wakaanza kuchimba shimo.

Kahiga alifika akiyumba, akipapasa hewani kama anayetafuta ukuta. Simu ikatetemeka mfukoni mwake; akabonyeza ujumbe ulioingia, nao ukasikika wazi. Ilikuwa sauti ya Valerie, changamfu, yenye upepo ndani yake: "Habari ya jana, Bwana Kahiga! Samahani, sikuwa na mtandao. Hao vipepeo usiwe na wasiwasi nao kabisa. Viwavi wao hawali nyasi. Waache wapite, usinyunyize kitu."

Watu wote waliokuwa hapo walisikia.

Katoo hakupiga kelele. Hakumshika mtu shati. Alimtazama Kahiga, akasema polepole, "Ungenipigia simu tu. Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka sana. Lakini ningefunga kondoo."

Kahiga alitaka kusema pole. Badala yake aligeuka akarudi nyumbani, akiyumba vile vile.

Katoo hakudai fidia, wala hakwenda kwa chifu. Alihamisha njia ya kondoo wake, na walipokutana sokoni alimsalimia Kahiga kama anavyosalimiwa mgeni. Habari, hata hivyo, haikuhitaji Katoo kuibeba. Sumu iliyozidi kipimo iliunguza ncha za nyasi zikawa manjano, na shamba lile likapata jina jipya: Shamba la Sumu. Wiki mbili zilipita, zikapita nyingine. Valerie alikuja mwenyewe akawaeleza watu kwamba hatari imekwisha. Wafugaji walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kununua nyasi kwingine. Nani angemlisha ng'ombe wake jina kama hilo? Nyasi zikasimama, zikazeeka, zikalala chini zenyewe kwa uzito. Kwa muda wote huo hakuna kiwavi hata mmoja aliyeonekana shambani.

Siku Kahiga alipozikata na kuzirundika ili azichome, Wacuka alitoka nyumbani na begi moja, amemshika Shiro mkono.

"Wacuka, ni wadudu walioniponza," Kahiga alisema.

"Hapana, Baba Shiro. Wadudu walipita." Hakuwa na hasira sautini, jambo lililomuumiza Kahiga zaidi. "Wewe ndiye uliyebaki."

Akaenda zake barabarani na mtoto, bila kugeuka. Kahiga aliwasha kiberiti. Moshi ulipanda mzito juu ya Isinya, katika nchi ambayo watu hutembea siku nzima kutafuta majani, na yeye akasimama mbele ya moto ule akiteketeza kwa mkono wake kile ambacho hakuna mdudu aliyekigusa. Naam, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.