Kwa Nini Mtama wa Mbegu Huvutwa Kwanza

Zamani zile, mtama ulipokuwa bado haujajua ukaidi, Wanyamwezi walichagua mbegu kwa macho. Suke kubwa jeupe lilitundikwa juu ya moshi wa jiko, mengine yakaliwa. Hata ninyi mngefanya hivyohivyo, msijidanganye.

Mwaka mmoja ukungu uliingia mizizini. Mashamba yalilala kabla ya mavuno. Kalunde, mjane wa watoto watatu, aliingia shambani kwake kuokoa kilichobaki. Kila bua alilolishika liling'oka na mizizi yake myeusi, iliyooza. Alilia bila kujificha.

Pembeni yalisimama mabua machache mekundu, mafupi, yenye masuke madogo kama ngumi ya mtoto. Alivuta moja. Halikutoka. Akalivuta kwa mikono miwili, akalitukana, nalo likabaki palepale. Alipofukua, akaona mizizi ya zamani imeoza kama ya mengine, ila bua lilikuwa limetoa mizizi mipya, myeupe, kwenye pingili iliyo juu kidogo ya ile iliyooza, nayo ilikuwa imeshika ardhi barabara.

Nyanzobe, mama mkwe wake, alimkuta nyumbani akitwanga suke kubwa kuliko yote yaliyosalimika.

"Kalunde mwanangu, hilo si ndilo la mbegu?"

"Mama, bua lake nimeling'oa kwa vidole viwili. Acha watoto wale. Tutapanda haya madogo mekundu, mabua yake yamekataa kung'oka."

"Na yasipoota?"

"Yasipoota, nitakuwa nimewaua watoto wangu mwenyewe."

Nyanzobe hakusema naye mpaka mvua zilipofika, ingawa mboga ya mlenda alimgawia kila siku.

Kalunde alipanda, roho mkononi. Ukungu ulikuwa bado udongoni. Mtama mwekundu uliugua, ukapinda, ukatoa mizizi mipya, ukasimama tena. Nyanzobe alikwenda shambani mwenyewe, akavuta bua moja, akavuta la pili na la tatu, kisha akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Njoo unisaidie kuinuka," alimwambia mkwewe. "Haya mabua yako yamenishinda."

Na tangu siku hiyo, kabla suke la mbegu halijakatwa, bua huvutwa kwanza. Linalong'oka, suke lake huliwa. Linalokataa, suke lake hupandwa. Ugonjwa haukuondoka, upo hata leo, ila kila msimu unaukuta mtama mkaidi kuliko wa mwaka jana.