Kovu la Ambakisye

Akupaye panga akuonyeshe na kovu. Mmeisikia leo kwa watengeneza tovuti mkashangaa, maana hakuna hata mmoja wao mliyepata kumwona na panga mkononi. Mmetaka kujua wameitoa wapi. Basi sogeeni. Ilianzia Tukuyu, katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na ilianza na msiba.

Katika chumba hicho alifanya kazi mtu aliyeitwa Ambakisye. Alitengeneza tovuti za shule, za makanisa na za vyama vya wakulima, na alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake. Kila alipopata zana mpya ya kumrahisishia kazi, iwe ya kupunguza uzito wa picha au ya kukagua kama maandishi yanasomeka kwenye simu ndogo, aliiandika kwenye kumbukumbu zake ndani ya kompyuta. Kwanza alieleza zana hiyo inafaa kwa nini. Chini yake aliandika neno Kovu, kisha akasimulia ilivyomwumiza: alikosea wapi, akaaibika mbele ya nani, akajinasuaje.

Neno hilo lilitoka mkononi mwake. Utotoni mjomba wake alimpa panga akapalilie migomba. Mpini ulikuwa umelegea, panga likachomoka na kumpasua mkono wa kushoto. Baadaye ikajulikana kwamba mjomba mwenyewe lilikwisha kumkata, ila aliona aibu kusema. Kila Ambakisye alipomfundisha mtu zana mpya, alikunja shati akaonyesha alama ile kabla hajagusa kompyuta. Vijana walimtania kwamba somo lake halianzi mpaka kovu lisalimiwe.

Ambakisye aliugua, akafa. Aliyeachiwa kazi ni Tusekile, ambaye kila alichokijua alikijulia kwake. Tusekile hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Matanga yalipoisha alirudi ofisini, akafuta vumbi kwenye kiti cha mwalimu wake, akakiacha wazi.

Watengeneza tovuti wa mjini walimwomba zile kumbukumbu za zana ili wote wazitumie, na yeye akaona hiyo ndiyo heshima ya mwisho awezayo kumpa. Akaketi kuzipanga. Lakini alipofika kwenye makovu, moyo ukasita. Hapa mwalimu ameangusha tovuti ya shule siku ya matokeo. Pale amemtumia askofu ukurasa mtupu. Tusekile aliwaza jinsi watu wasiomjua watakavyosoma na kucheka. Marehemu hasemwi vibaya, alijiambia. Akaanza kufuta kovu moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayemfunga marehemu vifungo vya shati. Alipomaliza, zikabaki zana tupu, safi, kila moja na sifa zake. Watu walizipokea kwa shukrani, naye kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalala vizuri.

Sasa, ofisini alikuwapo Gwamaka, kijana hodari na mwepesi wa mikono. Yeye ndiye aliyeshika tovuti ya wakulima wa parachichi. Wakulima walilalamika kwamba huko mashambani mtandao ni hafifu na ukurasa haufunguki. Gwamaka akasoma zile kumbukumbu, akakuta zana inayohifadhi ukurasa ndani ya simu ya mtu, ili ufunguke hata mtandao ukikatika. Akaiweka. Wakulima wakamsifu, na mwenyekiti wao, Bi Ndimbumi, akampelekea kapu la parachichi.

Halafu mvua ikaharibu barabara ya kituo cha bondeni, ambako wakulima walizoea kushusha parachichi zao. Lori la jokofu likapangiwa kituo cha shuleni, ng'ambo ya mlima, kesho yake asubuhi. Gwamaka akabadilisha tangazo kwenye tovuti, akaendelea na mengine. Kabla ya adhuhuri Bi Ndimbumi akapiga simu. Alisema watu wamekwisha kuanza kuchuma, na kila simu anayoitazama, pamoja na yake, bado inasema bondeni. Alikuwa amejaribu kuwatumia ujumbe, lakini matapeli waliwahi kuwadanganya kwa ujumbe, na chama chenyewe kiliwaapisha wasiamini chochote ila tovuti. Parachichi zikishushwa bondeni, hakuna lori, zitaiva juani na kuoza. Ni mavuno ya msimu mzima.

Gwamaka akaiangalia zana ile kama mtu aliyegundua nyoka ndani ya kiatu.

"Dada, niifute tu," alisema. "Tovuti ilikuwa salama kabla sijaiweka."

Tusekile alitaka kukubali. Kilichomzuia ni kumbukumbu ya vidole vyake mwenyewe. Kovu la zana hii alilifuta yeye, na lilikuwa refu kuliko yote. Alikumbuka mwanzo wake tu, kwamba simu zilishikilia habari za juzi. Lakini kama dawa ingekuwa kufuta, mwalimu angeandika neno moja akanyamaza.

"Usiguse kitu," alimwambia. "Nisubiri."

Akatoka mbio mpaka kwa mjane wa Ambakisye, mama Lugano, akamkuta uani anapukuchua maharage. Akamwamkia, akaomba kompyuta ya marehemu.

"Si ulikwisha kuchukua maandishi yake yote?" mama Lugano aliuliza.

"Niliyachukua. Kisha nikafuta makovu."

Mama Lugano akaacha maharage. "Kwa nini?"

"Sikutaka watu wamcheke. Marehemu hasemwi, mama Lugano."

"Hasemwi na watu, mwanangu. Huyu alijisema mwenyewe." Akajipangusa mikono kwenye kitenge. "Siku ya harusi yetu mpiga picha alimwambia auweke mkono wa kushoto nyuma, usionekane. Alikataa. Alisema huo ndio wenye akili."

Tusekile akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, yale aliyoyazuia tangu mazishi. Mama Lugano hakumbembeleza. Aliingia ndani, akarudi na kompyuta iliyofungwa kwenye kanga, akamwekea mapajani.

Maandishi yalikuwamo, mazima. Ambakisye aliandika kwamba simu zilipong'ang'ania ukurasa wa zamani aliifuta zana kwenye tovuti, na hapo ndipo alipojikata, maana simu ziliikosa amri mpya zikabaki na ile ya kwanza. Usiifute, aliandika. Mahali pale pale, kwa jina lile lile, weka nyingine yenye kazi moja tu: kujiondoa. Mtu akifungua mara ya kwanza ataona la zamani. Mwambie afunge, afungue tena, wala asikutukane kabla ya mara ya pili.

Tusekile alimsomea Gwamaka kwa simu, neno kwa neno. Gwamaka akafanya. Kisha Tusekile akampigia Bi Ndimbumi.

"Bado bondeni," alisema.

"Funga, mama. Fungua tena."

Tusekile akasikia kuku wake, kisha pumzi ndefu.

"Shuleni," Bi Ndimbumi alisema. "Imeandika shuleni. Ngoja nijaribu na ya jirani." Na ya jirani ikasema shuleni.

Tusekile akaiweka kompyuta kando, huku mama Lugano akimsukumia ungo wa maharage amsaidie. Asubuhi iliyofuata lori likajaa.

Bi Ndimbumi alipokuja ofisini kushukuru, alitaka kujua kilichotokea, na Tusekile akamweleza yote, pamoja na kosa lake. Bibi yule alisikiliza, akautazama mkono wake mwenyewe uliojaa alama za shamba.

"Mbona hilo hata sisi tunalijua," alisema. "Akupaye panga akuonyeshe na kovu."

Tusekile akayarudisha makovu yote ya mwalimu, na mwishoni akaongeza la kwake. Watu walipoyasoma walicheka, kama alivyohofia. Kisha wakaanza kuleta ya kwao.

Siku nyingine Gwamaka aliingia akisifu zana mpya, anaitaja kama mchumba. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama mkono wa kijana. Gwamaka akaelewa.

"Sijakatwa bado, dada," alisema.

"Basi kaijaribu kwenye tovuti yako mwenyewe," Tusekile alimjibu, "ukikatwa uje utufundishe."

Ndiyo maana wanasema vile. Akupaye panga akuonyeshe na kovu.