Skrubu ya Hewa na Jina la Mtoto

Sogezeni vigoda. Hadithi hii mwisho wake siujui, ndiyo maana nimewaletea ninyi.

Juu mlimani, katika nyumba ya mwisho kabla barabara haijaingia msituni, waliishi ndugu watatu. Lusajo, kaka mkubwa, alikuwa kipofu, lakini masikio yake yalitambua nyayo za kila mpita njia. Tupokigwe, dada yao, alikuwa akinusa maziwa ya leo na kukwambia kama yatalala salama. Ila mikono yake ilitetemeka hata kikombe alishikiwa. Lugano, mdogo wao, alikuwa mshonaji. Hakusikia tangu utotoni, lakini mkono wake ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungini.

Asubuhi moja ya manyunyu, kijana Anyosisye alikuwa akimpandisha mkewe kwa pikipiki kutoka bondeni. Sekela alikuwa na uchungu wa kuzaa, na kituo cha afya kiko ng'ambo ya mlima. Bondeni pikipiki haikuwa na tatizo. Kadiri walivyopanda ndivyo ilivyokohoa na kutoa moshi mweusi, na mbele ya nyumba ile ikazima. Anyosisye akapiga kiki. Ikawaka, ikazima. Akapiga tena mpaka mguu ukamfa ganzi. Sekela alikuwa ameketi kwenye majani mabichi, ameuma khanga.

"Mume wangu, usiniache hapa."

"Siendi popote," alijibu, na kwa kweli hakuwa na pa kwenda. Simu haikushika mtandao.

Wale ndugu wakatoka nje.

"Mafuta hayafiki," Anyosisye akawaambia. "Naongeza, naongeza, wapi!"

Tupokigwe akainama kwenye bomba la moshi. "Hapana, mwanangu. Moshi huu unanuka petroli mbichi. Mafuta yamezidi, hewa ndiyo haitoshi."

Anyosisye akakumbuka skrubu ya hewa pale kwenye kabureta, panapochanganyikia hewa na mafuta, ambayo hajawahi kuigusa. Akapiga kiki, ikawaka, lakini ilimbidi aushikilie usukani kwa mikono yote akiongeza mafuta; akiachia tu, injini inazima.

Akamwonyesha Lugano skrubu kwa kidevu. Lugano akaleta bisibisi ya cherehani, akapiga magoti, akapenyeza mkono pembeni mwa injini ya moto. Akifungua kidogo mno, itaendelea kuzama kwenye petroli. Akizidisha, itakosa mafuta. Ngozi iliungua, mkono haukutikisika. Lakini mlio wa injini mwenyewe hakuusikia.

Lusajo akaweka kiganja begani kwa mdogo wake. Mlio ulipopanda, alimbonyeza: endelea. Ulipoyumba, alimvuta: rudi. Tena kidogo. Hatimaye injini ikanguruma sawasawa, hata Anyosisye alipoachia mafuta.

Wakafika kituoni. Mtoto wa kike alizaliwa hai. Damu ilimtoka Sekela kwa wingi. Daktari aliokoa uhai wake, kisha akamwambia kwa upole kwamba hatazaa tena.

Aliporuhusiwa, Sekela na mumewe walirudi kwenye nyumba ile na mtoto. "Atachukua jina la aliyenifikisha," Sekela akasema. Katika ukoo wao mtoto hupewa jina moja tu, na mwenye jina huwa mzazi wake wa pili. Na wale watatu, hakuna aliyejaliwa mtoto.

"Bila pua yangu," alisema Tupokigwe, "angekuwa anaongeza mafuta mpaka leo."

"Na bila masikio yangu," alisema Lusajo, "bisibisi ingezunguka gizani."

Lugano alifungua kiganja chenye kovu, ambacho tangu siku ile hakijaweza kushika sindano.

Sekela akalia. Anyosisye alimtazama huyu, akamtazama yule. "Nikimtaja mmoja, nimewafungia mlango wawili. Nifanyeje, wazee wangu?" Waliteremka bondeni bila jina, na mpaka sasa binti yule anaitwa "kale katoto" tu.

Basi nanyi mliokaa hapa: kama angekuwa amelala mapajani mwenu, mngemwita nani?