Mchonga Nguo na Uso wa Oyone

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kisu kikali na ubao unaosema. Asiyeamini aende akalale.

Hapo kale, katika nchi ya Wajapani, picha za warembo zilichongwa kwanza kwenye ubao. Ubao ukapakwa wino, ukakandamiziwa karatasi. Na kazi ilikuwa na mpango wake: fundi mkuu alichonga nyuso, walio chini yake wakachonga nguo. Kihachi alikuwa wa nguo. Miaka ishirini hakuchonga hata jicho. Lakini ua la Kihachi, jamani, ungetaka kulinusa.

Mkewe, Oyone, ndiye aliyemvalia zile nguo ili aone mikunjo yake.

Siku ya kwanza Oyone akavaa nguo ya mawimbi. Akakohoa, akasema, "Mume wangu, nitazame."

"Nakutazama. Inua mkono, wimbi limekatika."

Siku ya pili akavaa nguo ya korongo. Akakohoa sana. "Mume wangu, nitazame."

"Nakutazama. Geuka kidogo, korongo hana shingo."

Siku ya tatu akavaa nguo ya maua, akakohoa hata akashika nguzo. "Mume wangu, nitazame mimi."

"Usitikisike, nimebakiza ua moja."

Oyone hakutikisika. Mwezi haukuisha, akafa.

Kihachi alilia, maana alimpenda; msimdhanie vibaya. Mama mkwe wake akaja, akamwambia, "Baba, mwanangu nimemzika. Nichongee picha yake, nipate pa kumtazama."

"Nitakuchongea, mama."

Akachukua ubao wa mti wa mcheri, akachonga nguo ya maua bila kukosea hata jani. Ubao ukasema, "Nguo nimeipata. Nipe macho."

Kihachi akafumba macho akumbuke. Akaona ukosi.

"Nipe pua."

Akaona mkanda.

"Nipe mdomo, basi."

Akaona mkono wa nguo, na wimbi lililokatika. Kisu kikamponyoka.

Akapiga chapa hivyo hivyo, bila uso, akampelekea mama mkwe. Bibi akaipapasa ile picha, akasema, "Nguo ni yake, baba. Mwanangu yuko wapi?"



Hadithi yangu nimeikunja. Umpendaye mtazame angali hai; majuto ni mjukuu. Nawe uliyekuwa ukiikodolea macho kanga ya mwenzako nikisimulia, nimekuona.