Mfanyakazi Bora wa Mwezi Ule

Kulikuwa na kijana mmoja, kazi yake kuandika programu za kompyuta. Naona akina mama wa kwaya mnaangaliana. Tulieni, siwapeleki mbali. Ukituma pesa kwa simu zikafika kwa mwanao shuleni, ujue kuna mtu alikaa chini akaielekeza ile simu cha kufanya, hatua kwa hatua. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemsema.

Ofisini kwao alikuwepo mama mmoja, mkubwa wao katika kazi hiyo. Kila walichoandika vijana lazima kipite kwake akikague kabla hakijaanza kutumika. Na mama yule alikuwa na jicho! Akisoma kazi, anamjua aliyeifanya yuko katika hali gani. Anasoma kidogo, anainua uso juu ya miwani, anasema, "Wewe umegombana na mkeo." Au, "Hapa ulikuwa unasinzia, mwanangu, kalale kwanza." Maana mtu mwenye mawazo anaandika kwa kurukaruka, anasahau vitu, anarudia jambo lile lile. Kazi yenyewe ilikuwa inamsema mtu.

Halafu ikaja akili mnemba. Sasa kijana haandiki tena neno kwa neno. Anaiambia mashine anachotaka, mashine inaandika, yeye anapitia na kurekebisha. Kazi iliyokuwa inakula wiki nzima ikawa inaisha kabla ya chakula cha mchana. Na mimi siisemi vibaya, wapendwa. Kazi ikiwa nyepesi tumshukuru Mungu, nani kati yetu anapenda kuchoka? Lakini pale ofisini ukaanza mnong'ono kwamba kwa mwendo huu watu wengi hivi hawatahitajika tena. Kila mmoja akakaza buti.

Ndipo mke wa kijana yule akajifungua kabla ya wakati. Mtoto njiti, washarika. Mnawajua njiti? Mkono wake wote unashika kidole chako kimoja tu, na hapo hata kukishika hana nguvu. Mama yake akabaki naye wodini. Kijana akawaza: nikiomba ruhusa sasa hivi, wakati watu wanasema tutapunguzwa, si nitakuwa wa kwanza kuondoka? Na nikiondoka, huyu mtoto nitamtunza kwa kitu gani? Akanyamaza. Akaficha hata kwao, maana mama yake mzazi ana presha na hakutaka kumshtua. Kwa kuwa waliruhusiwa kufanyia kazi popote, akachukua kompyuta yake, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Machozi yanamtoka, anaiagiza mashine, mashine inaandika.

Na kazi ikatoka safi! Hapo ndipo nataka mnisikilize. Zamani angekosea, na mara moja yule mama angekunja uso na kusema, "Huyu ana nini?" Sasa mama anafungua kazi, anakuta kila kitu kimenyooka, haoni alama ya mtu humo ndani. Anapitisha. Akampigia simu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo."

Simu ikakatwa, na mlango wa wodi ukafunguka, nesi anamwita. Niambieni ninyi, yule mama alikosea wapi? Si aliuliza, akajibiwa?

Mwezi ukaisha. Bosi akawaita wote ofisini asubuhi. Keki mezani, soda za baridi, na ukutani wamebandika mchoro wa kazi ya kila mtu. Mstari wa kijana wetu umepanda kuliko yote. Bosi akamleta mbele, akampa kisu akate keki, makofi yakapigwa. "Huyu ndiye mfanyakazi bora wa mwezi," akasema. "Hebu, ndugu yangu, tuambie siri yako."

Kijana akakishika kile kisu, asikate.

"Bosi," akasema, "leo asubuhi mwanangu amenyonya kwa mara ya kwanza."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kwani wewe una mtoto?"

"Ninaye. Yuko hospitali tangu azaliwe. Ni njiti, wamekuwa wakimlisha kwa mpira wa puani. Leo amevuta ziwa mwenyewe, na mama yake akapiga kigelegele mpaka nesi akamnyamazisha. Mimi nikatoka nje nimwambie mtu. Nimepitia majina yote kwenye simu yangu. Sikuwa na wa kumwambia, maana hakuna anayejua kwamba mtoto amezaliwa. Basi nikaiambia mashine."

Yule mama akauliza polepole, "Ikasemaje?"

"Ilinipongeza, Mama. Kwa maneno mazuri sana. Halafu ikaniuliza kama tuendelee na kazi."

Mama akavua miwani yake, maana hakuwa anaona kitu tena. Akaenda akamshika yule kijana mabega. "Anaitwa nani mwanetu?"

"Bado hana jina, Mama. Tuliogopa kumpa."

"Twende nikamwone," akasema mama. Akaifunika ile keki, akaibeba kumpelekea mzazi, na hakumwuliza bosi.

Sasa najua mmeshaanza kuwasikitikia watu wa kompyuta. Wapendwa, mimi nawasema sisi. Sisi hapa hatuna akili mnemba, lakini tumejifunza sana kutoa kazi safi. Tunaimba, sauti hazipishani. Nguo zimepigwa pasi. Ahadi zinalipwa, watoto wanafika Sunday school wamepakwa mafuta. Tukimwona mtu mambo yake yamenyooka, tunasema huyu yuko salama, tunampitisha. Tumezoea kumjali mtu akiharibu. Mpaka anywe pombe, mpaka akose ibada mwezi mzima, ndipo wazee wa kanisa wanamtembelea. Je, yule asiyeharibu? Yule ambaye kadiri anavyoumia ndivyo anavyofanya kazi vizuri zaidi, nani anamtembelea? Inaniuma kusema hivi, lakini wapo humu tuliowapigia makofi hapa mbele, na hatujui nyumbani kwao nani amezaliwa na nani amekufa.

Mungu anajua tulichobeba kabla hatujafungua kinywa. Hahitaji taarifa yetu. Na bado anatuita, anasema njooni mnieleze, kwa sababu anapenda kutusikia. Basi na sisi tupendane hivyo. Kama mashine imetupunguzia kazi, muda uliobaki tuutumie kwa lipi, kama si kwenda kukaa kwenye benchi la mwenzetu?

Nilikuwa na mengine ya kusema, nayaacha. Mgeukie aliye pembeni yako. Mshike mkono, mwulize hali yake. Akikujibu "sijambo", usiuachie mkono wake bado. Mwulize tena. Mimi nakaa hapa, nasubiri.