Fundi Vuai na Nyumba ya Vidaka Elfu

Hapo zamani, asubuhi ya Alhamisi, palizuka kelele katika ukumbi mpya wa Sultani Nasibu wa mji wa Mwambakuu, na kelele zenyewe zilikuwa za mtu mmoja.

"Reale mia mbili, Maulana, ama nyumba! Ndivyo tulivyopatana. Nyumba yenye thamani ya reale mia mbili, kazi ikiisha. Kazi imekwisha. Tazama ukuta!"

Aliyesema hayo ni Vuai, fundi chokaa, mikono myeupe mpaka viwiko. Ukuta alioutaja ulijaa vidaka, vile vishubaka vya kuchonga vya kuwekea sahani za kaure, safu juu ya safu, tangu sakafuni hata darini. Mwaka mzima alivichonga kwa ahadi ya mdomo, na mwaka mzima yeye na mkewe walilala jikoni kwa shangazi wa mke, kati ya mafiga na tundu la kuku.

Sultani Nasibu alikuwa mtu asiyependa kukana ahadi na asiyependa kuitimiza, ikawa kila mara hutafuta njia ya katikati.

"Ewe fundi," akanena, "nani amesema hupewi? Neno langu ni neno. Chagua nyumba. Chagua yoyote yenye jina, iwe ya mji huu, iwe ya kusikika masimulizini. Ila isiwe na mtu akaaye ndani, kwani sisi hatumtoi mtu kwake. Wala isiwe yangu, kwani mali ya ufalme haigawiki. Wala isiwe ya kujengwa, kwani jiwe sikupi. Ukija alasiri na nyumba ya namna hiyo, ni yako. Ukikosa, tumemalizana, nawe utanichongea ukumbi wa pili bure, kwa kunipotezea asubuhi."

Waziri Tawakali akahesabu kwa vidole. Nyumba ya Simba anakaa mjane wa amiri. Nyumba ya Ghorofa Tatu ni ya Sultani. Nyumba ya Wageni ni ya Sultani. Nyumba ya Mpingo iliungua.

"Zimekwisha," akasema Waziri, na watu wa baraza wakacheka kama ilivyowapasa.

Vuai hakucheka. Akatoka bila kuaga, maana hasira zilimjaa, akafika jikoni kwa shangazi, akamweleza mkewe Mwanatumu mambo yote.

"Mwaka mzima," akasema Mwanatumu, huku akikoroga mchuzi. "Bila karatasi, bila shahidi."

"Nilipewa neno la Sultani."

"Basi liezeke hilo neno, bwana, tulale chini yake. Shangazi amesema mvua zikianza jiko analitaka yeye."

"Amesema lini?"

"Leo, na jana, na juzi. Tena, kabla hujamaliza kula, kuna mtu wa Waziri amepita. Anataka makapu mawili ya chokaa kesho, ya Nyumba ya Vidaka Elfu."

Vuai akaweka tonge chini.

Nyumba ya Vidaka Elfu hakuna mtoto wa Mwambakuu asiyeijua. Kila Ijumaa msomaji wa Sultani husimama uwanjani akaeleza jinsi babu yake Sultani alivyoijenga kati ya msikiti na kisima cha mawe, na jinsi alivyoiweka wakfu kwa maskini wa mji, na jinsi ilivyositirika machoni mwa watu hata leo. Imesimama, ila haionekani. Na kwa kuwa imesimama, ilibidi ipakwe chokaa kila mwaka, na chokaa hutolewa na watu, makapu mawili kila mlango. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuuliza nani anayepaka.

Hata alasiri Vuai akasimama mbele ya Sultani. "Nimechagua, Maulana. Nyumba ya Vidaka Elfu."

Waziri akaanza tena kuhesabu vidole.

"Kuna mtu akaaye ndani?" akauliza Vuai.

"Hakuna," akasema Sultani.

"Ni yako?"

"Ni wakfu. Ni ya maskini."

"Maskini ni mimi. Yahitaji kujengwa?"

"Imejengwa tangu babu yangu," akasema Sultani, na hapo akaona mzaha wenyewe, akacheka hata kilemba kikalegea. "Mpe! Mpe, Waziri, mbiu ipigwe mji mzima. Nyumba ya Vidaka Elfu ni ya Vuai fundi chokaa, na asiyemheshimu humo ndani amenivunjia heshima mimi!"

Mbiu ikapigwa. Watu wakamhurumia Vuai, wakisema jua limempata.

Basi Ijumaa asubuhi Vuai na Mwanatumu wakahamia. Wakatandika kitanda katikati ya uwanja, kati ya msikiti na kisima, wakaweka mtungi, wakaweka mafiga, wakatundika taa pasipotundikika, ikaanguka, wakaiacha. Uwanja ulijaa watu, kwani ndiyo siku ya kuleta chokaa, na kila mtu alikuwa na makapu yake.

Saa ya sala Sultani akatoka chini ya mwavuli, siwa, lile baragumu la kifalme, ikilia mbele, ngoma nyuma, na wanaume arobaini wakimfuata. Akapita pale pale apitapo siku zote.

"Simama hapo, Maulana!" akapaza sauti Vuai. "Hodi iko wapi?"

Ngoma zikanyamaza, moja moja.

"Hodi ya kuingia wapi?" akauliza Sultani.

"Umekwisha ingia. Umepita mlangoni kimya, umevuka ukumbi wangu na makubadhi, na sasa umesimama ndani, chumbani kwa mke wangu, na wanaume arobaini na ngoma. Mwanatumu hajavaa vizuri."

"Nimevaa," akasema Mwanatumu, akijivuta ushungi usoni. "Lakini sikutarajia watu."

"Punguani wewe!" akafoka Sultani. "Hapa pana nyumba?"

"Hilo ndilo la kujibiwa, Maulana, nalo ni lako. Lijibu kwa sauti, watu wote wapo. Ikiwa ipo, vueni viatu mtoke. Ikiwa haipo, sema haipo, nami nahama sasa hivi. Ila hawa nao watauliza makapu yao ya miaka kumi na moja."

Sultani akayatazama makapu. Yalikuwa mengi. Akamtazama Waziri Tawakali, na Waziri alikuwa akiutazama mwavuli, kana kwamba umetoboka.

Ikawa Sultani akavua makubadhi. Wanaume arobaini wakavua.

"Hodi," akasema Sultani, kama mtu atemaye kokwa.

"Karibu. Lakini si huku, huku ni ndani. Tokeni, mzunguke ukuta wa nyuma."

"Ukuta uko wapi?"

"Pale penye mbuzi."

Wakazunguka penye mbuzi, wakapita kwa wauza samaki, pekupeku juu ya mchanga wa moto, mpiga siwa ameikumbatia siwa kwapani. Sala ikachelewa.

Baada ya sala Sultani akarudi peke yake, akapiga hodi mbali, akaonyeshwa baraza, akakaa chini vumbini. Vuai akamtilia kahawa.

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka nife, Maulana. Nawe kila Ijumaa utapiga hodi."

"Na mvua?"

"Ndiyo kasoro yake moja. Paa lake hata mvua hailioni."

"Basi sema unataka nini, fundi. Nyumba ipi?"

"Nimekwisha chagua, sibadilishi. Nilichokuwa sijui ni mahali ilipo, na usiku nimefikiri. Nyumba ni pale ilipo chokaa yake. Na chokaa hii naijua kwa mkono, maana makapu yangu yamo. Imo katika kuta za ukumbi wako mpya, nimeipaka mimi. Na vidaka ulivyoniamuru vichongwe ni elfu moja. Nimevihesabu kwa mgongo. Hakuna mtu akaaye mle ndani. Si wako, ni wakfu. Jiwe sihitaji. Haikuwa imesitirika, Maulana, ilikuwa imefungwa."

Sultani akacheka. Akacheka hata machozi yakamtoka, akajipiga goti, akamwaga kahawa. Kisha akaona kwamba wenye makapu wamesogea kusikiliza, wala hakuna achekaye. Kicheko kikamwishia.

"Reale mia mbili," akasema polepole. "Zichukue leo hii, taslimu."

"Jana zilitosha," akasema Vuai, akanyoosha mkono mweupe. "Ufunguo."