Malkia wa Bibi

— Mpo, wasikilizaji?
— Tupo!
— Na masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili!
— Basi nawadanganya.
— Tudanganye tushibe!

Hapo kale wanyama walicheza sataranji kwa mtandao. Msicheke! Mtandao wenyewe ulikuwa kasuku. Ukisogeza kete yako hapa, kasuku anaruka, pu-pu-pu, anamtajia mwenzako ng'ambo ya mlima, kisha anarudi na jibu. Kasuku wote walikuwa wa Kiboko, na hawakusahau hata hatua moja.

Kucheza kulikuwa bure. Kukumbushwa mchezo wako, hapana.

"Anayetaka kukumbushwa alete matikiti kumi," alisema Kiboko. "Mnyonge nitamwonjesha hatua moja, mara moja tu maishani."

Sasa, Digidigi alikuwa akicheza na Bibi yake aliyehamia ng'ambo. Siku kasuku alipoleta hatua ya arobaini, zamu ya Bibi, alileta na habari za msiba wake. Digidigi aliziba masikio, akalia, hatua hakuisikia. Usiku mvua ikanyesha, ikafuta mchoro wake mchangani, ikasomba na kokoto alizozifanya kete. Akabaki na hamu tu. Bibi alicheza nini? Alimkumbuka mpaka kifua kikamuuma.

Akaenda mtoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Matikiti?"

"Sina."

"Basi onja moja, uende zako."

Digidigi akawaza, hatua moja bila wenzake nitaiweka wapi? "Yangu niwekee," akasema.

Kesho yake akarudi.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Matikiti?"

"Sina, ila nina wazo. Wanyonge hawaleti matikiti kwa sababu hawajui utamu. Waite wote waonje siku moja. Aliyeonja atalala kweli?"

Tumbo la Kiboko likanguruma, gurr-gurr. "We mtoto una akili!"

Foleni ikapangwa. Akaja Kindi: "Mchezo wa Digidigi na Bibi, hatua ya kwanza." Kasuku akamtajia. Kindi huyo, ti-ti-ti, hadi kwa Digidigi, kokoto ikawekwa. Akaja Kobe: "Mchezo wa Digidigi na Bibi, hatua ya pili." Kasuku akamtajia. Kobe huyo, kwata... kwata..., kokoto ikawekwa. Akaja Nungunungu, akaja Kicheche, akaja Panya na shemeji zake wote. Kiboko hakusikiliza mchezo. Alikuwa akiota matikiti.

"Tamu?"

"Tamu, bwana!"

"Kesho mtaleta?"

"Kesho, bwana!"

Walipopita thelathini na tisa, akaja Digidigi mwenyewe.

"Nimefuata yangu. Hatua ya arobaini."

Kasuku mzee akamtazama sana. Kisha akaitaja kwa sauti ile ile aliyoisikia ng'ambo, sauti ya Bibi, na kikohozi chake:

"Khe, khe. Malkia wangu namweka mbele ya askari wako. Mle, mjukuu wangu."

Digidigi akarudi, akaweka kokoto ya mwisho. Bibi huyu ndiye aliyemla kete tangu utotoni bila huruma, akimwambia hakuna wa kukuachia duniani. Leo alikuwa amemwachia malkia! Digidigi akalia, akacheka, akalia tena. Ilikuwa zamu yake. Lakini akimla malkia, zamu itarudi kwa Bibi asiyekuwepo, na mchezo utakwisha. Hakumla.

Kiboko yumo majini hadi leo, kinywa wazi, anangoja matikiti ya kesho. Na ukimkuta digidigi amesimama kwenye mvua, hakimbii, usimfukuze. Chini ya tumbo lake kuna kokoto anazozikinga.

Funzo, wanangu: mkubwa akikuonjesha, shukuru, nenda kwako, na usizungumze na wenzako kwenye foleni. Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe.

— Bure?
— Bure. Ila kila mtu neno moja tu.